Mpira wa Mpakani: Tyubu, Vitita vya Noti na Helikopta ya Watoto katika Busia na Malaba

Helikopta ya kuchezea inayoendeshwa kwa mpira uliosokotwa ni chombo chenye sehemu chache: uti wa mti mwepesi, rafadha moja juu na nyingine chini (rafadha ni mapanga yaliyoinamishwa kidogo ambayo, yakizunguka, husukuma hewa), kipande cha waya kinachoshika rafadha ya juu, na ukanda wa mpira uliotandazwa kati ya ncha mbili za uti huo. Mti hupatikana porini, mapanga hukatwa katika kopo au gamba la karatasi ngumu, na waya huokotwa njiani; ni mpira peke yake ambao mtoto hawezi kuuchuma wala kuuchonga, kwa kuwa ni bidhaa ya kiwandani iliyosafiri kutoka mbali. Kwa sababu hiyo historia ya chombo hiki, popote kinapoundwa, ni kwanza historia ya njia iliyoufikisha mpira mahali hapo, na ya watu walioutumia hadi ukachakaa na kuwa taka ambayo mtoto angeweza kuichukua bila kumwomba mzazi fedha. Katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda, njia hiyo ilipita katika kazi mbili zilizozaliwa na mpaka wenyewe: kazi ya kuvusha watu kwa baiskeli na kazi ya kubadilisha fedha.

Mpaka huo haukuwepo kabla ya ukoloni, na hata baada ya Waingereza kuingia haukuwa mahali ulipo leo. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya Waluhya, ya Waluo na ya Wateso wa upande wa mashariki ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda; mwaka huo mkoa ukahamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na amri ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1926 ikaeleza mstari wa mpaka kwa kina zaidi. Mstari ulifuata mito kwa sehemu kubwa, ukiwemo Mto Sio upande wa kusini na Mto Malaba upande wa kaskazini, nayo mito haikuwa imewahi kuwatenganisha wakazi wake: Wasamia, Wakhayo na Wateso walibaki na ndugu, mashamba na makaburi pande zote mbili. Reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka Malaba kuelekea Tororo katika miaka ya 1920, ikafika Kampala mwaka 1931, na pamoja na mizigo mingine ikaleta kitu ambacho wakulima wa pamba wa Teso na Busoga walikuwa tayari wakikinunua kwa fedha za mavuno, yaani baiskeli.

Mpira uliokuwa ndani ya magurudumu ya baiskeli hizo ulikuwa na historia yake, na sehemu ya historia hiyo ilikuwa ya Afrika yenyewe. Mpira mbichi ni utomvu mweupe wa miti na mitambaazi fulani, ambao ukigandishwa huwa laini wakati wa joto na mgumu wakati wa baridi, hivyo haufai kwa kazi nyingi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipikwa pamoja na salfa, yaani kiberiti cha madini, hupata unyumbufu wa kudumu, ukavutwa na kurudi mahali pake bila kuyeyuka wala kukatika. Miaka sita baadaye, tarehe 17 Machi 1845, Stephen Perry wa London alipewa hataza ya pete ndogo za mpira uliopikwa namna hiyo kwa ajili ya kufungia karatasi na bahasha. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la baiskeli lenye hewa, na kuanzia hapo dunia ikawa na kiu ya mpira isiyokatika.

Kiu hiyo ilizimwa kwa jasho na damu. Katika pwani ya Afrika Mashariki utomvu ulikamuliwa katika mitambaazi ya porini, mmojawapo ukiwa ule ulioitwa Landolphia kirkii kwa jina la John Kirk, konseli wa Uingereza mjini Zanzibar, na wakusanyaji wake walikuwa wanavijiji waliouza kwa wachuuzi wa pwani. Lakini katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885 hadi 1908, mpira wa porini ulidaiwa kama kodi kwa bunduki na mjeledi, na waliokosa kutimiza kiwango waliuawa, walitekwa au walikatwa mikono. Baadaye mashamba ya Malaya na Ceylon, yaliyopandwa kutokana na mbegu za mti wa mpira ambazo Henry Wickham alizitoa Brazili mwaka 1876, yalishusha bei hata mpira wa porini ukaachwa. Uganda nayo ilijaribu mashamba ya mti huohuo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ila hayakuhimili ushindani huo. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942 Waingereza walirudi kuutafuta mpira wa Afrika Mashariki, na mashamba yaliyokuwa yameachwa Tanganyika yakafunguliwa upya. Inafaa habari hizi zikumbukwe kwa uzito wake wote, kwa kuwa kipande cha tyubu kinachodharauliwa chini ya mti wa fundi baiskeli kimebeba kazi ya watu wengi ambao hawakuonja faida yake.

Matumizi ya mpira kama chanzo cha nguvu za kurushia chombo yalianzia Ufaransa. Vichezeo vinavyopaa kwa kuzungushwa ni vya zamani sana, na Wachina walikuwa na panga la mwanzi lililozungushwa kwa viganja karne nyingi kabla ya Ulaya kulifahamu. Mwaka 1784 Wafaransa Launoy na Bienvenu walionyesha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris chombo chenye rafadha mbili zilizozungushwa na uta, na mwaka 1796 Mwingereza George Cayley akaunda chake cha aina hiyohiyo. Uta, hata hivyo, hujikunjua kwa ghafula na nguvu zake huisha mara. Alphonse Pénaud, kijana wa Paris aliyezaliwa mwaka 1850, ndiye aliyeweka mahali pake mpira uliosokotwa, kwanza katika helikopta ndogo ya mwaka 1870, kisha katika ndege yenye mabawa aliyoirusha katika bustani ya Tuileries mwezi Agosti 1871 ikakaa hewani kwa sekunde 11. Ubora wa wazo lake uko katika jambo moja: kwa uzito uleule mpira huhifadhi nishati mara nyingi zaidi ya chuma cha springi, na huitoa polepole kwa mzunguko, ambao ndio hasa mwendo unaohitajiwa na rafadha.

Vichezeo vilivyofuata mfano wa Pénaud vilienea upesi. Mwaka 1878 mchungaji Milton Wright alirudi nyumbani katika mji wa Cedar Rapids, Marekani, akiwa na helikopta ya kizibo, mwanzi na karatasi, akawapa wanawe Wilbur, aliyekuwa na miaka 11, na Orville, mwenye miaka 7. Ilipovunjika waliunda nyingine, kisha kubwa zaidi, na wakaona kwamba kadiri walivyoikuza ndivyo ilivyoshindwa kupaa. Baadaye walielewa kwamba chombo chenye vipimo mara mbili huhitaji nguvu mara nane. Ndugu hao walifungua duka la baiskeli mjini Dayton mwaka 1892, na kwa mapato, vifaa na ustadi wa duka hilo wakaruka kwa injini tarehe 17 Desemba 1903. Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kiev aliyerusha helikopta yake ya VS-300 nchini Marekani mwaka 1939, naye alianza utotoni kwa chombo cha mpira. Uhusiano kati ya baiskeli na chombo cha kupaa, basi, si jambo la kubuniwa kwa ajili ya Busia. Uko katika historia ya urukaji tangu mwanzo, na kinachobadilika ni nani aliye karibu na karakana.

Katika Busia na Malaba aliye karibu na karakana alikuwa mtoto wa kila mtaa, na sababu yake ni boda boda. Baada ya uhuru vituo vya forodha vya Kenya na Uganda viliachana kwa zaidi ya nusu maili ya ardhi ambayo mabasi hayakuivuka, hivyo abiria alishuka upande mmoja akalazimika kutembea na mizigo hadi upande wa pili. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walianza kuwabeba abiria hao kwenye keria, yaani fremu ya chuma iliyo nyuma ya kiti cha mwendeshaji, wakiita wateja kwa kutaja safari yenyewe, kutoka mpaka hadi mpaka, na mwito huo wa Kiingereza uliosemwa kwa haraka ndio uliozaa jina ambalo leo linatumika katika Afrika Mashariki yote. Wakati wa utawala wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, chumvi, sabuni na sukari zilipoadimika Uganda na kahawa ya Uganda ikawa na bei nzuri upande wa Kenya, hasa baada ya baridi kuharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, baiskeli ikawa pia chombo cha magendo kilichoweza kupita vichochoroni na kuvuka mito mahali ambapo gari halikufika.

Pamoja na baiskeli za magurudumu mawili zilikuwepo baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, ambazo watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao walioathirika na polio utotoni, walizitumia kuvushia bidhaa kati ya Busia ya Uganda na Busia ya Kenya. Maofisa wa forodha waliwalegezea mkono, wafanyabiashara wakawapa mizigo, na kazi hiyo ikawapa wengi nyumba na ada za watoto. Ni miongoni mwa sura zenye heshima kubwa katika historia ya mpaka huu, ingawa hutajwa mara chache katika vitabu vinavyosifu boda boda. Kwa hesabu ya mpira, kila chombo cha namna hiyo kiliongeza gurudumu la tatu kwenye barabara ya vumbi na changarawe.

Palipo na magurudumu mengi yanayobeba mizigo kuliko yalivyokusudiwa, pana pancha nyingi, na palipo na pancha pana fundi. Karakana ya fundi baiskeli wa mpakani ni kivuli cha mti, sanduku la spana, pampu na beseni la maji. Tyubu huvutwa nje ya tairi, ikajazwa hewa na kuzamishwa majini kipande kwa kipande hadi mapovu yaonyeshe tundu. Mahali hapo hukwaruzwa kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, hupakwa gundi ya mpira, ikaachwa ikauke kidogo, kisha kiraka kilichokatwa katika tyubu nyingine hubandikwa na kugongwa. Tyubu huweza kubeba viraka vingi sana kabla ya fundi kuikataa, na siku anapoikataa haitupwi. Ikikatwa kwa urefu hutoa kamba za kufungia magunia na madebe ya maji kwenye keria. Ikikatwa kwa upana hutoa pete, na pete hiyo ni rababendi ya Stephen Perry iliyozaliwa upya chini ya mwembe, pana au nyembamba kadiri mkataji anavyotaka. Tairi lenyewe likichoka huchongwa viatu vya akala, na waya zilizo ukingoni mwake hutolewa.

Mabaki ndiyo fungu la watoto. Ukanda wa tyubu ulifanya manati ya kuwindia ndege, ulifunga mpira wa matambara usifumuke, ulishikilia magurudumu ya gari la waya. Hapo ndipo watoto walipojifunza tofauti ambayo vitabu vya fizikia huieleza kwa maneno marefu: kwamba tyubu nyeusi za kisasa, ambazo nyingi hutengenezwa kwa butili (mpira wa viwandani uliobuniwa Marekani mwaka 1937, unaoshika hewa vizuri kuliko mpira wa asili), huvutika lakini hurudi kwa uvivu, ilhali tyubu za mpira wa asili, zikiwemo zile za zamani zenye rangi nyekundu, hurudi kwa nguvu karibu zote zilizowekewa. Butili hupoteza sehemu kubwa ya nishati kwa kuigeuza joto. Ubora wake ndani ya gurudumu ndio udhaifu wake katika manati na katika helikopta.

Chanzo cha pili cha mpira kilikuwa vitita vya noti. Hadi mwaka 1966 Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na bodi ya pamoja ya sarafu, na msafiri wa Busia hakuhitaji kubadilisha chochote; mwaka huo kila nchi ilitoa fedha yake, na kati ya fedha hizo mbili ikasimama kazi mpya, ya wabadilishaji wanaokaa au kutembea karibu na forodha wakiwa na mafungu ya noti mikononi. Shilingi ya Uganda iliporomoka katika miaka ya 1970 na 1980, hata mwaka 1987 serikali ikafuta sifuri mbili na kutoa fedha mpya, lakini kuporomoka kuliendelea, na kwa miaka mingi sasa shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Maana yake katika mikono ya mbadilishaji ni wingi wa karatasi: kiasi kinachoingia mfukoni kikiwa cha Kenya huwa mafungu kadhaa kikiwa cha Uganda, na kila fungu lilihitaji rababendi. Pete hizo nyembamba za rangi ya manjano au kahawia ni mpira wa asili, zilikatika, zilidondoka, zilitupwa, na zikaokotwa. Kwa helikopta ndogo zina faida juu ya tyubu, kwa kuwa ni nyepesi na laini, na kadhaa zikiunganishwa kwa fundo la kitanzi hufanya ukanda mrefu.

Uundaji wenyewe hauhitaji ufundi mkubwa, ila hauvumilii uzito. Uti huwa wa kitu chenye moyo mwepesi, kwa mfano kipande cha tete, cha mkonge uliochanua ukakauka, au cha funjo lililokauka, ambalo bonde la Sio-Siteko, eneo oevu linalogawanywa na mpaka karibu na Busia, hulitoa kwa wingi. Urefu wa sentimita 25 hadi 30 watosha. Juu yake hufungwa kipande kidogo kilichotobolewa, na ndani ya tundu hupitishwa waya wa unene wa kama milimita moja, uliopindwa ndoana upande wa chini na kushikamana na rafadha upande wa juu. Kati ya rafadha na tundu huwekwa ushanga mmoja au miwili, kwa kuwa pasipo ushanga mvuto wa mpira huibana rafadha kwenye mti na sehemu kubwa ya nguvu huliwa na msuguano. Mpira hutandazwa kutoka ndoana hiyo hadi ndoana nyingine iliyofungwa chini ya uti, bila kukazwa, na kabla ya kutumika hupakwa maji ya sabuni au mafuta ya mbarika ili nyuzi zake ziteleze zinaposokotana.

Rafadha ya chini, inayoshikamana na uti, ndiyo wengi wanaoijaribu kwa mara ya kwanza huiacha, na hapo chombo hushindwa. Mpira unaposukuma rafadha ya juu upande mmoja husukuma pia uti upande wa pili kwa nguvu ileile. Uti mtupu usiokuwa na kitu cha kukinza hewa huzunguka ovyo, mpira hujisokotoa upesi kwa mzunguko wa mti, na rafadha ya juu haipati kazi ya kutosha. Mapanga ya chini yakiinamishwa kinyume na ya juu, mzunguko huo wa nyuma nao husukuma hewa chini, na kilichokuwa hasara huwa msaada. Hilo ni tatizo lilelile ambalo helikopta za kweli hulitatua kwa rafadha ndogo ya mkiani au kwa rafadha mbili kubwa zinazopishana, na ni jambo la kustahiwa kwamba mtoto huweza kulielewa kwa vidole vyake kabla ya kufundishwa jina lake. Mpira husokotwa mizunguko mia au zaidi, hadi mafundo madogo yajipange mstari mzima. Ukiachwa, hutoa nguvu nyingi kwa sekunde ya kwanza, kisha hutulia, kisha hufifia, na chombo hupanda kwa kishindo, husimama hewani kidogo, na kushuka kikiyumba.

Elimu ya shule iliigusa kazi hii kwa kusitasita. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, uliweka sanaa na kazi za mikono miongoni mwa masomo ya shule za msingi, na walimu wa vijijini waliwaagiza wanafunzi walete vitu vilivyoundwa kwa malighafi ya nyumbani. Masomo hayo yalipopunguzwa mwanzoni mwa karne hii, yalirudi katika vikao vya uchochoroni. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchi nzima kuanzia Januari 2019, umeyarejesha darasani, ingawa mara nyingi mzazi ndiye anayetumwa dukani kununua kile ambacho mtoto angekiokota.

Wakati huohuo njia za mpira zimebadilika. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne ya 21, boda boda ya injini iliisukuma baiskeli pembeni, na tyubu ya pikipiki ni nene mno kwa helikopta ya gramu chache. Huduma za fedha kwa simu, zilizoanza Kenya kwa M-Pesa mwaka 2007, zimepunguza vitita vya noti bila kuvimaliza. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, kimeuondoa ulazima wa kusimama mara mbili, na pamoja nao sababu ya kwanza iliyoizaa boda boda. Baiskeli hazijatoweka hata hivyo. Bado hubeba maji, makaa, mboga na ndizi kwenye njia ambazo pikipiki hugharimu mno, mafundi wangali na mabeseni yao ya maji, na mwalimu anayetaka mpira unaorudi kwa nguvu kuliko rababendi za paketi huutafuta kwao, akiulizia tyubu nyekundu.